Kanuni Kwanza, Jina Baadaye: Somo la Majina ya Heshima kwa Barabara za Tabora

Mwanzoni mwa mwaka 2022, nikiwa na stashahada mkononi na kazi sina, nilipata kibarua cha wiki chache cha kukusanya taarifa za anwani za makazi. Wengi wenu mnaikumbuka operesheni ile. Ilizinduliwa mwezi Februari, na nchi nzima ilitakiwa iwe na majina ya barabara na namba za nyumba kabla ya Sensa ya Agosti 23. Tukapewa reflekta, tukaambiwa tuwe na simu yenye chaji, na maelekezo yakawa mafupi: kila njia iwe na jina.

Siku moja tukafika kwenye njia isiyo na jina, katika mji ambao sitautaja. Nyumba zilikuwa kama arobaini hivi. Tukauliza, "Hapa panaitwaje?" Watu wakatazamana. Mama mmoja akasema wao husema "kwa Mzee wa Mwembe", kwa sababu ya mzee mmoja marehemu aliyepanda mwembe pale kona, watu wakapata kivuli cha kukaa. Kijana wa bodaboda akasema kijiweni kwao wana jina jingine, ambalo siwezi kuliandika kwenye gazeti la chuo. Mwenye duka la kona, aliyekuwa ametuletea soda kwa sababu ya jua, akataja jina lake mwenyewe. Akacheka, nasi tukacheka. Lakini jioni ikafika, lengo la siku halijatimia, na jina lililoingia kwenye mfumo likawa lile la mwenye duka. Mzee wa Mwembe akabaki midomoni mwa watu.

Sidhani kama kuna aliyefanya ubaya siku ile. Mwenye duka ni mtu mwema, na soda yake tuliihitaji. Kilichokosekana ni kanuni. Hatukujua jina linafaa kwa sababu gani, nani anapaswa kuulizwa, na kama tukikosea tunarudi vipi nyuma. Ukikosa kanuni, jina linakwenda kwa aliyekuwepo, mwenye sauti, au mwenye soda.

Katika somo hili nataka tuichukue hoja hiyo tuipeleke Tabora, mji uliokuwa njia panda ya misafara kabla ya kuwa na barabara yenye kibao. Swali letu ni hili: kama Manispaa ya Tabora ikitaka kuwa na utaratibu wa kutoa majina ya heshima kwa barabara zake, utaratibu huo uweje?

1. Tuelewane maneno

Neno "mtaa" linatuchanganya. Kwa mtu wa mjini, mtaa ni njia yenye nyumba huku na huku. Kwa serikali, mtaa ni eneo la utawala lenye mwenyekiti na afisa mtendaji wake, na mitaa kadhaa hufanya kata. Na kwa vijana, kitaa ni nyumbani tu, basi. Hapa nitasema "barabara" au "njia" kwa kile tunachopita, na "mtaa" kwa eneo la mwenyekiti.

Sasa, kuna mambo matatu ambayo watu huyaweka kapu moja.

La kwanza ni jina la anwani. Hili ndilo linaloingia kwenye mfumo pamoja na namba ya nyumba na postikodi ya kata. Gari la zimamoto linalitegemea, anayeleta mzigo analitegemea, na mwenye biashara analiandika kwenye makaratasi yake.

La pili ni kubadili jina. Lile la zamani linafutwa, jipya linakaa mahali pake, na kila aliyeliandika la zamani anaanza kusahihisha.

La tatu ndilo letu: jina la heshima. Jina la anwani linabaki lilivyo. Kinachoongezwa ni kibao cha pili, chenye rangi tofauti, cha kumheshimu mtu, kundi la watu au tukio. Barua haiandikwi kwa jina hilo na leseni ya biashara haibadiliki.

Mfano unaojulikana sana ni wa Chicago, Marekani. Kule kibao cha anwani ni cha kijani, na cha heshima ni cha kahawia, kimewekwa kwenye nguzo ileile. Mwaka 2016 madiwani wa Chicago waliamua kuondoa kibao cha heshima chenye jina la Trump karibu na jengo lake. Uwe unampenda au humpendi, angalia jinsi kazi ilivyokuwa nyepesi: kibao kilitoka, na hakuna mkazi aliyelazimika kubadili anwani. Hiyo ndiyo faida kubwa ya kutenganisha heshima na anwani.

2. Wenzetu walipopita

Tuanze na Dar es Salaam. Barabara ya Samora ya leo iliitwa kwa jina la miti ya akasia wakati wa Wajerumani, Waingereza wakaendelea na akasia hiyohiyo kwa lugha yao, baada ya uhuru ikawa Barabara ya Uhuru kwa Kiingereza, kisha ikapewa jina la Samora Machel wa Msumbiji. Barabara moja, tawala tatu. Ukitaka kufundisha historia ya karne ya 20 kwa mtoto, mpeleke pale na umsimulie vibao tu.

Mwaka 2013, Rais Obama alipokuja Dar es Salaam, barabara ya Ocean Road ikapewa jina lake. Lakini hospitali ya saratani iliyopo pale bado inaitwa Ocean Road, na ukimwambia dereva wa bajaji "Ocean Road" anakufikisha. Jina la kwenye kibao na jina la kwenye midomo ya watu si lazima yatembee pamoja.

Nairobi walipata somo kali zaidi. Mwaka 2021 barabara moja ya Kileleshwa, iliyokuwa ikiitwa Dik Dik Gardens, ilipewa jina la Francis Atwoli, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, naye akiwa hai na akiwa kazini. Kibao kikang'olewa. Kikarudishwa. Kikachomwa moto. Mtu anaweza kusema ni uhuni tu, lakini mimi naona ni kura iliyopigwa na watu ambao hawakupewa nafasi ya kupiga kura mapema.

Halafu Berlin, Ujerumani. Hii inatuhusu moja kwa moja. Mwaka 1939 kuna barabara kule ilipewa jina la Carl Peters, yule yule wa mikataba ya ulaghai na machifu wetu, aliyeitwa Mkono wa Damu. Mwaka 1986 wenye mji wakajaribu njia ya mkato: kibao kikabaki, ila wakatangaza kwamba sasa Peters anayeheshimiwa ni mwingine, Hans Peters, aliyewapinga Wanazi. Ujanja huo haukumaliza ubishi. Mwezi Agosti 2024 barabara ikagawanywa, sehemu moja ikapewa jina la Anna Mungunda wa Namibia, na nyingine ikaitwa kwa jina la Maji Maji. Na miaka mitatu kabla ya hapo, 2021, barabara nyingine ya Berlin iliyobeba jina la Wissmann, gavana wa Kijerumani wa nchi yetu, ilipewa jina la Lucy Lameck, mwanamke wa Moshi aliyekuwa naibu waziri katika serikali ya Mwalimu Nyerere.

Kwa hiyo tumefika mahali ambapo mwanafunzi wa Berlin anapita barabara ya Lucy Lameck akienda darasani. Je, mwanafunzi wa Tabora anapita barabara ya nani, na anajua kwa nini?

3. Mji uliojengwa kwa miguu

Ili tujue nani anastahili heshima Tabora, lazima tujue mji ulikuwaje mji.

Kabla ya reli, njia kuu ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe, yaani hapa, kisha ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Wasafiri wa zamani walipaita Kazeh. Richard Burton na John Speke walifika hapa Novemba 1857, na kwa hesabu ya Burton ilikuwa siku ya 134 tangu waondoke pwani. Siku mia moja thelathini na nne! Leo tunalalamika treni ikichelewa saa mbili.

Mizigo ilibebwa na watu. Kutoka pwani kulikuja vitambaa vya merikani na kaniki, shanga, nyaya za shaba na bunduki. Kwenda pwani zilikwenda pembe za ndovu. Mpagazi mmoja alibeba takriban frasila mbili, zaidi ya kilo 30, mbali na mkeka wake, sufuria yake na chakula chake. Mbele alitangulia kirangozi. Njiani watawala walitozwa, au tuseme walitoza, hongo, na neno hilo wakati ule lilikuwa na maana ya ushuru wa kupita. Wanyamwezi ndio waliosifika kwa kazi hiyo. Maelfu ya vijana walishuka pwani kila kiangazi baada ya mavuno, wakarudi na vitambaa, na kwa wengi wao safari ya pwani ilikuwa kipimo cha kuwa mtu mzima. Wanawake nao walikuwemo, wakibeba vyombo, wakipika, wengine wakisafiri na waume zao.

Lakini njia ileile ilipitisha pia watu waliofungwa. Tusifiche hilo. Wapo waliokamatwa huko Manyema na kwingineko magharibi wakaletwa hadi hapa, wengine wakabakishwa Tabora, wengine wakaendelea hadi pwani. Wajerumani walitawala bila kuufuta utumwa kisheria. Uliharamishwa rasmi mwaka 1922, chini ya Waingereza. Ndiyo maana kwenye orodha ya awali ya maeneo ambayo Tanzania inapendekeza kwa Urithi wa Dunia, iliyowasilishwa 2006, njia hii imeandikwa kuwa njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, na Kwihara, kilomita chache kutoka mjini Tabora, imo ndani yake.

Baadaye reli ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Miguu ikapumzika. Njia ikabaki, ila waliotembea wakasahaulika mmoja mmoja.

4. Kanuni saba

Nianze na swali la mamlaka, maana wengi hulirukia. Barabara za mjini ziko chini ya TARURA, zile kuu ziko chini ya TANROADS, lakini heshima ya mji inatolewa na mji wenyewe kupitia Baraza la Madiwani. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982, halmashauri inaweza kutunga sheria ndogo, ambazo huhitaji idhini ya waziri. Ushauri wangu ni kuanza na mwongozo wa kawaida uliopitishwa na Baraza. Utumike miaka miwili, makosa yaonekane, ndipo uwe sheria ndogo. Mwongozo hurekebishwa kwa kikao kimoja tu.

Sasa kanuni zenyewe.

Moja: jina la heshima lisiondoe jina la anwani. Kibao kiwe na rangi yake, na kisiingizwe kwenye anwani za nyumba.

Mbili: anayeheshimiwa awe amefariki angalau miaka mitano iliyopita. Aliye hai anaweza kutukosea kesho asubuhi. Na aliyezikwa jana bado tunamlilia, hatuwezi kumpima.

Tatu: awepo uhusiano na mahali. Aliishi hapa, alifanya kazi hapa, alipita hapa na jambo likatokea. Mtu mkubwa wa taifa ambaye hakukanyaga barabara hiyo ana nafasi zake nyingine.

Nne: iandikwe sababu, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha kueleweka, ikiwa na ushahidi wa aina mbili, yaani maandishi na simulizi za wazee. Ukurasa huo ubandikwe ofisi ya mtaa na utunzwe kwenye maktaba.

Tano: wakazi waanze. Pendekezo litoke au lipite kwenye mkutano mkuu wa mtaa, tangazo likiwa limebandikwa siku 30 kabla. Kutoka hapo liende Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha Baraza. Anayelipia kibao asiwe na kura ya ziada, na jina lake lisionekane popote kwenye kibao.

Sita: mizani. Katika kila majina matatu, angalau moja liwe la mwanamke, na angalau moja liwe la kundi la watu wa kawaida au la tukio.

Saba: uwepo mlango wa kutokea. Kila jina lipitiwe upya baada ya miaka 20, na wakazi waweze kuomba liondolewe kwa kupita ngazi zilezile lilizopita kuingia.

5. Tuzijaribu

Kanuni isiyojaribiwa ni kama mtihani wa mwaka jana ambao hujaufanya: kila kitu kinaonekana rahisi. Basi tuweke majina mezani.

*Mtemi Isike wa Unyanyembe.* Alipambana na Wajerumani, na Januari 1893 ngome yake ilipozidiwa alilipua ghala la baruti akiwa ndani, asishikwe. Uhusiano na mahali upo, maandishi yapo, simulizi zipo. Anapita. Lakini ukurasa wa kanuni ya nne uwe mkweli: watemi wa wakati ule nao walikuwa na watumwa. Heshima yake ni ya kukataa kutawaliwa, na ndivyo iandikwe.

*Mirambo wa Urambo.* Huyu ana ugumu mtamu. Taifa linamtaja kama shujaa, na jina lake lipo tayari kwenye shule na kwenye kambi ya jeshi hapa Tabora. Lakini mwaka 1871 majeshi yake yaliushambulia mji huu huu na kuchoma sehemu yake. Kwa kanuni ya tatu uhusiano upo, tena wa moto! Mimi ningesema jina lake linatosha lilipo, na kama mkutano wa mtaa fulani ukimtaka, wao ndio waamue. Hapo ndipo kanuni ya tano inafanya kazi: somo hili haliwezi kuamua badala ya wakazi.

*David Livingstone.* Alikaa Kwihara mwaka 1872, mwanzoni akiwa pamoja na Stanley, na tembe lake sasa ni makumbusho. Tayari ana mahali pake. Lakini tuangalie waliokuwa naye. Livingstone alipofariki mwaka 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia, Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili wake kurudi pwani. Oktoba mwaka huo walifika hapa Unyanyembe wakamkuta Luteni Cameron, Mwingereza, akawashauri wamzike hapahapa. Walikataa. Wakaendelea hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Ebu fikiria: waajiriwa, mbele ya ofisa, wanasema hapana, kazi hatujaimaliza. Uamuzi ule ulitolewa katika ardhi ya Tabora. Kwa kanuni ya tatu sioni jina lenye haki zaidi. Na kwenye msafara huo alikuwemo Halima, mpishi, ambaye Livingstone mwenyewe alimwandika kwenye shajara yake. Kanuni ya sita ikiuliza "mwanamke yuko wapi?", jibu la kwanza lipo jikoni.

*Uamuzi wa Busara.* Januari 1958, mkutano mkuu wa TANU ulifanyika Tabora, na ubishi ulikuwa mkali: washiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu, au waususe? Nyerere, aliyesoma na kufundisha mjini hapa, alitetea kushiriki, na upande wake ukashinda. Baadhi ya waliopinga, akiwemo Zuberi Mtemvu, wakajitenga na kuanzisha chama kingine. Tukio linapita kanuni zote. Ningependa tu kibao kiseme kwamba kulikuwa na waliopinga, maana bila wao usingekuwa uamuzi.

*Tippu Tip.* Hapa ndipo nilipokwama. Hamed bin Muhammed aliishi na kufanya biashara njia hii yote, baba yake alikuwa na makazi Tabora, na aliacha habari za maisha yake kwa Kiswahili. Uhusiano upo, ushahidi upo, amefariki tangu 1905. Kwa kanuni zangu saba alikuwa anapita! Nikajua kuna kitu nimekisahau.

Nikaenda kwa bibi mwenye nyumba ninayopanga. Ni mtu mzima sana, asili yao ni Manyema. Alikuwa barazani akichambua mchele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo umeamkaje na makaratasi?"

Nikamsomea orodha yangu. Alikuwa akiitikia kwa kichwa. Nilipofika kwa Tippu Tip mkono ukasimama kwenye ungo.

"Huyo muandikeni kwenye kitabu, watoto wamsome," akasema. "Kwenye kona ya nyumba yangu, hapana. Bibi yake bibi yangu alikuja mji huu kwa miguu, na hakuna aliyemuuliza kama anataka safari."

Hapo nikaelewa tofauti niliyokuwa sijaiandika. Kukumbuka ni jambo moja na kuheshimu ni jambo jingine. Makumbusho, kitabu na bango la maelezo ni vya kukumbuka, na humo Tippu Tip anatakiwa awepo, tena kwa kirefu, kama mfanyabiashara wa pembe na watu. Jina la barabara ni la kuheshimu. Mtu anaweza kuwa muhimu sana katika historia asistahili hata nguzo moja. Kwa hiyo kanuni ya nne ikaongezewa sentensi: ukurasa wa sababu ujibu swali "tunamheshimu kwa lipi?", na si "alikuwa maarufu kwa lipi?"

*Wapagazi.* Hili ndilo jina nililolipenda tangu mwanzo. Dar es Salaam ina Kariakoo, jina lililotokana na kambi ya kikosi cha wachukuzi wa Waingereza cha Vita ya Kwanza ya Dunia, na Nairobi ina Kariokor yake. Hakuna aliyepanga kuwaheshimu wachukuzi wale. Ulimi wa watu ulifanya kazi hiyo wenyewe. Sasa Tabora, chimbuko la wapagazi waliosifika kuliko wote, kibao cha mpagazi bado sijakutana nacho. Nikamwambia bibi kwa furaha: tuweke Barabara ya Wapagazi.

Akaniuliza, "Na yule bibi yangu naye mtamwita mpagazi?"

Sikuwa na jibu. Mpagazi alipatana ujira na kupewa posho, na akichoka aliweza kuweka mzigo chini akatoroka. Aliyefungwa mnyororo alibeba pembe ileile kwenye njia ileile bila ujira. Ukisema "Wapagazi" tu, unawaheshimu wa kwanza kwa jina ambalo linawaficha wa pili. Hivyo ndivyo kanuni ya nane ilivyozaliwa, na ni ya bibi, si yangu.

Nane: maelezo ya kibao yaseme pia jina hilo linawaacha akina nani. Kwa Barabara ya Wapagazi, chini yake iandikwe wazi kwamba njia hii walipita pia watu waliobebeshwa mizigo kwa nguvu, na kwamba wengi wao majina yao hayakuandikwa. Nilimsomea bibi maneno hayo wiki iliyofuata. Akasema, "Hayo sawa." Akaendelea na mchele.

6. Mtakaopinga

Mtu atasema: Tabora ina shida ya maji, barabara zina mashimo, wewe unaleta vibao? Hoja nzuri. Jibu langu ni kwamba majina yatatolewa tu, kanuni ziwepo au zisiwepo. Akija mgeni mkubwa jina litatoka, na uchaguzi ukikaribia majina mengine yatatoka. Mwongozo wa kurasa nne haugharimu lami.

Mwingine atasema wakazi wataleta majina ya ajabu. Inawezekana. Lakini hata lile jina la kijiwe cha bodaboda lingechujwa kwenye kata, na Mzee wa Mwembe angepita vizuri tu: amefariki, aliishi pale, sababu yake inaonekana kwa macho, na ushahidi wake una kivuli.

7. Maswali ya mjadala

1. Chagua barabara moja unayopita kila siku kwenda chuoni. Waulize watu watano wa rika tofauti jina lake. Umepata majina mangapi? Lipi lingefaa kuwa la anwani, lipi la heshima?

2. Kanuni ya pili inataka miaka mitano. Je, inamtosha mwanasiasa? Inamzidi daktari wa zahanati ya mtaani?

3. Mkutano wa mtaa umekubali jina la Mirambo na mtaa wa jirani umelikataa, na barabara inapita mitaa yote miwili. Baraza lifanyeje?

4. Andika ukurasa mmoja wa sababu kwa ajili ya Halima, mpishi wa msafara. Usizidishe unachokijua juu yake. Utagundua kazi hiyo ni ngumu kuliko kuandika juu ya Livingstone, na ujiulize kwa nini.

Wenzetu wa Chuo cha Ardhi hapa Tabora wanasomea mambo ya ardhi na ramani, sisi wa historia, sheria na elimu tunaweza kukusanya simulizi. Tukikaa meza moja muhula mmoja, rasimu ya mwongozo inaweza kufika kwa madiwani ikiwa na ramani yake. Mimi nimeanza na nakala iliyo kwenye daftari langu. Ina kanuni nane, moja imeandikwa kwa mwandiko mbaya kwa sababu niliiandikia goti, barazani, mchele ukichambuliwa.